Suruali ya Inchi Thelathini na Moja

Kiuno cha mtu, kwa hesabu za Mama Futi, kina namba mbili. Ya kwanza ni ile anayoitaja kwa sauti, mteja akiwa amesimama mbele yake na pumzi ameibana kama anayetaka kupiga mbizi. Ya pili ni ile anayoiandika kwenye daftari akiwa amempa mteja mgongo. Kati ya namba hizo huwa kuna inchi mbili, mara nyingine tatu, na ndani ya inchi hizo ndimo ilimosimama biashara yake yote.

Alikuwa fundi wa nguo mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme ambayo hakuiamini, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi, na kioo kirefu alichokiegemeza ukutani kwa mwinamo aliouchagua mwenyewe, kwa sababu kikikaa hivyo kila anayejitazama huonekana mrefu na mwembamba kidogo. Jina la Mama Futi alipewa na wateja kwa ajili ya futi yenyewe, ule utepe wa kupimia, ambao haukumtoka shingoni. Alikwenda nao sokoni. Siku moja alikwenda nao msibani, akajikuta anakadiria mabega ya wafiwa.

"Ngapi, fundi?" mteja huuliza, macho juu darini.

"Thelathini na nne. Umekaa vizuri."

Na kwenye daftari anaandika thelathini na saba. Nguo ikiisha inaingia bila taabu, mteja anafurahi kuona thelathini na nne yake ina nafasi ya kupumulia, na mwezi ujao anarudi na dada yake. Mama Futi hakuuita huo uongo. Aliuita adabu ya kazi. Ndivyo alivyofundishwa na fundi mkuu wake alipokuwa msichana, kwamba mtu anakuja kununua nguo, hakuja kununua habari za mwili wake.

Sasa tazama mambo yanavyokuwa. Mwanamke huyu wa namba mbili aliolewa na mwanamume wa namba moja.

Mumewe aliitwa Bwana Mizani mtaa mzima, na kazini pia. Alikuwa msimamizi wa mizani ya malori kwenye lango la ghala la nafaka. Lori linapanda juu ya bamba la chuma, yeye amekaa kibandani mwake nyuma ya dirisha, anasoma namba, anaandika, anapiga muhuri. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, akiwa amekaa, na kiti chake kilikuwa kimebadilishwa mara tatu kwa kuchoka kabla yake. Dereva wa kumpiga chenga alikuwa hajazaliwa. Hata mdogo wake mwenyewe, naye dereva, alifika siku moja na lori lililozidi kidogo tu, magunia mawili, akamwomba kaka amtazame kwa jicho la undugu. Kaka alimtazama vizuri sana, kisha akamrudisha akayashushe. Hawakusemezana miezi minane. Mama Futi alipomuuliza kama hakuona uchungu, alijibu, "Uchungu niliuona. Na uzito niliuona."

Ile mizani ya chuma, kwa bahati mbaya, yeye mwenyewe haikumfaa kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya malori. Mtu mmoja akisimama juu yake haishtuki hata kidogo, inabaki kwenye sifuri kana kwamba hakuna aliyefika. Bwana Mizani alikuwa ameshajaribu, kipindi cha chakula cha mchana, mikono mfukoni, akijifanya anakagua bamba. Basi akabaki na kipimo chake kimoja anachokiamini, nacho ni suruali yake ya harusi.

Kila mwaka, siku waliyooana, alikuwa anaitoa kabatini ile suruali ya kijivu, anaivaa, anafunga kifungo, anasimama mbele ya kioo na kujigonga tumboni kwa kiganja. "Miaka yote hii," husema, "na kifungo kiko pale pale." Watoto walipokuwa nyumbani walilazimika kuja kushuhudia. Sasa walikwisha kuoa na kuolewa, wakapona, na shahidi akabaki mke peke yake. Alikuwa shahidi mbaya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mhalifu.

Walikutana kwa suruali hiyo hiyo. Mama Futi alikuwa bado anajifunza kazi, kijana mmoja mwembamba akaingia anataka kushonewa suruali, na fundi mkuu akamwambia, "Mpime huyo." Akamzungushia futi kiunoni. Futi ina inchi sitini. Ikizunguka kiuno cha inchi thelathini na moja, inabaki ncha ya inchi ishirini na tisa inaning'inia hadi karibu na goti. Fundi mzoefu hahitaji hata kusoma namba, anaitazama ile ncha. Msichana yule hakuwa mzoefu bado, lakini aliitazama ncha ile ndefu akacheka, kijana akauliza kulikoni, na hivyo ndivyo nyumba yao ilivyoanza.

Mwaka wa nne wa ndoa kifungo kilianza kunung'unika. Mama Futi aliisikia suruali kabla mumewe hajaisikia. Wiki moja kabla ya siku yenyewe aliifumua nyuma, akaachia akiba ya kitambaa iliyokuwa ndani ya mshono, akaishona tena na kuipiga pasi. Kifungo kikafunga. Bwana Mizani akajigonga tumbo, akafurahi, na mkewe akaona ni zawadi nzuri na haina madhara. Mwaka wa tisa akiba ikaisha, akaingiza kabari nyembamba ya kitambaa mahali ambapo koti hufunika, na mwaka wa kumi na mbili akaongeza nyingine. Mwaka wa kumi na tano kabari nazo zikashindwa. Hapo alizunguka maduka siku nne akitafuta kijivu kile kile, akakata suruali mpya kabisa yenye akiba nene ya kuachia kila mwaka, akaifua kwa magadi hadi ikazeeka, akahamishia kifungo cha zamani, na mfuko wa zamani wenye doa la wino. Ile ya kwanza akaificha chini ya boksi la vipande.

Mikanda nayo ilikuwa na hadithi yake. Kila mkanda ulipogoma, Mama Futi aliupasha msumari moto akaongeza tundu, na mumewe alipoliona tundu jipya aliambiwa kwamba ngozi hunywea kwa jasho. Mtu ambaye dereva hawezi kumdanganya kwa gunia alilimeza hilo bila hata maji.

Mambo yangeendelea hivyo kama si redio.

Redio ilikaa juu ya rafu ya nyuzi, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri alizungumza daktari mmoja mwenye sauti ya kutuliza, akieleza yale ambayo watafiti wa afya wameyagundua karibuni. Mama Futi alikuwa mwanafunzi wake mtiifu kupita kiasi. Daktari akisema kukaa kitini saa nyingi bila kunyanyuka kunadhuru, yeye anasimama kila baada ya nusu saa, hata kama sindano imo katikati ya kola ya mtu. Akisema chumvi nyingi tunayoila hatuitii sisi, inakuja ndani ya mkate na vyakula vya kopo, mkate unawekwa chini ya ulinzi wiki nzima. Akisema kutembea dakika kumi baada ya kula kunasaidia sukari isipande sana mwilini, basi baada ya chakula cha jioni anakumbuka ghafla kwamba kuna gauni la mtu la kupelekwa mtaa wa tatu, na kwamba mzigo ni mzito kwa mwanamke peke yake.

"Gauni moja?" Bwana Mizani anauliza.

"Lina bitana."

Bwana Mizani alibeba magauni mengi, lakini redio hakuipa heshima yoyote. "Watafiti wako hao," alikuwa akisema huku akikoroga chai, "wangepita kwangu ningewarudisha langoni. Mwaka juzi mayai yanaua, mwaka huu mayai yanajenga. Kahawa nayo hivyo hivyo. Wapime kwanza, wakubaliane, ndipo waje kuniambia." Na haki ya mtu mpe, hoja alikuwa nayo kidogo. Daktari mwenyewe alishaeleza kwamba utafiti mmoja si neno la mwisho, mpaka tafiti nyingi zilizofanywa na watu mbalimbali zifike mahali pamoja. Ila alipokuwa akiyaeleza hayo Bwana Mizani alikuwa jikoni, anaongeza sukari.

Alhamisi moja daktari akazungumzia kiuno. Alisema mafuta yanayokusanyika tumboni ndiyo yenye hila kuliko yale ya mapajani, na kwamba kuna kipimo chepesi ambacho hata mtu asiye na mizani anakiweza. Chukua uzi, alisema, ujipime urefu kuanzia utosini hadi kisiginoni. Ukunje uzi katikati. Sasa uzungushe kiunoni. Usipokutana, hujahukumiwa kitu, ila usikae nyumbani, nenda ukapimwe sukari na presha. Akaongeza dalili za kutazama: kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo kila mara, na ganzi miguuni.

Mama Futi alizima cherehani. Yeye, kuliko mtu yeyote mtaani, hakuhitaji uzi. Alikuwa na madaftari saba. Akayashusha yote akaanza kuyasoma kama mtu anayesoma barua za zamani, na namba ya pili, ile ya kweli, ikaanza kumsimulia mambo. Mpaka rangi wa kona alikuwa ameongeza inchi sita tangu daftari la tatu. Msusi wa jirani, tano. Mwenye duka la vifaa vya shule alikuwa amehama daraja kabisa. Mtaa mzima ulikuwa umepanuka bila kibali, na yeye ndiye aliyekuwa anaandika na kunyamaza.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa mumewe. Urefu, inchi sitini na nane. Nusu yake ni thelathini na nne. Kiuno, kwa suruali ya kazini aliyomshonea mwezi uliopita, arobaini na tatu.

Alijua kuhusu kiu. Alikuwa akilijaza lile jagi la kando ya kitanda, na siku hizi halikufika asubuhi. Kuhusu safari za chooni alijua pia, maana mlango wa choo ulikuwa na bawaba yenye maneno mengi. Ganzi ndiyo hakuwa nayo hakika, akajipa moyo kwa hiyo ganzi isiyokuwepo siku tatu nzima.

Siku ya nne, alasiri, Bwana Mizani alikuwa ameketi kwenye kochi anasoma gazeti, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, pekupeku. Mama Futi alipita na kikapu cha nguo akasimama. Katika kisigino cha mumewe ilikuwa imejikita pini ya kushonea, yenye kichwa chekundu, imezama mpaka shingoni. Yeye alikuwa anacheka kitu kwenye ukurasa wa michezo.

Alipiga magoti akaichomoa. Damu ikatoka kidogo.

"Unanitekenya nini?" Bwana Mizani alisema, bila kushusha gazeti.

Mama Futi aliiweka ile pini mfukoni. Kwa miaka mingi alikuwa amecheka na mwili wa mumewe huyu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza ulimwogopesha. 

Kesho yake akaanza. Alimwomba aende kupimwa. Bwana Mizani akasema haumwi. Alimwonyesha pini. Bwana Mizani akasema ngozi ya kisigino cha mwanamume ni kama tairi. Alimweleza habari ya kiuno na uzi, na hapo mumewe akafurahi waziwazi, kwa kuwa alikuwa amepelekwa uwanjani kwake mwenyewe.

"Kiuno?" akasema. "Mama, katika nchi nzima hii mtafute mtu ambaye kiuno chake kina ushahidi kama changu. Suruali ile ile, kifungo kile kile. Mimi mwili wangu una cheti. Jumamosi hii siku yetu ya harusi inafika, tena utaona."

 Cheti alikiandika Mama Futi, kwa uzi wa kijivu.

Siku mbili baadaye aliingia muuguzi wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, amekuja kuacha sare ya kushonwa. Mama Futi akampima, akamtajia namba ya adabu, kisha akajikuta anamweleza yote, kiu na bawaba na pini.

"Mlete Jumamosi, mama," muuguzi alisema. "Asubuhi, asile kitu. Tunapima sukari, presha, na miguu. Watu wanadhani wakija tutawapa ugonjwa. Ugonjwa wanakuja nao, sisi tunawatajia tu."

"Haji."

"Kwa nini haji?"

"Ana suruali," Mama Futi alisema, na muuguzi akasubiri sentensi iendelee, haikuendelea.

Ijumaa alifunga mlango nusu. Alilishusha boksi la vipande, akaitoa suruali ya kwanza, akaitandika mezani chini ya taa. Kufumua ni kazi ya subira zaidi kuliko kushona. Alianza na kabari za mwaka wa kumi na mbili, zenye uzi mweusi kidogo kuliko kitambaa, maana mwaka huo kijivu kilikosekana. Akafuata zile za mwaka wa tisa. Kisha akaurudisha mshono wa nyuma mahali pake pa kwanza, mahali ambapo alama ya chaki ya fundi mkuu ilikuwa bado inaonekana kwa mbali. Akahamisha kifungo. Akahamisha mfuko wenye doa la wino. Jioni ilipoingia suruali ilikuwa imerudi kuwa ya yule kijana mwembamba, inchi thelathini na moja, na Mama Futi akaipiga pasi huku anaona haya mbele ya nguo.

Hofu yake haikuwa suruali. Alikuwa ameolewa na mtu aliyekosana na ndugu wa tumbo moja kwa magunia mawili. Yeye alimdanganya kwa kipimo, kitu pekee ambacho mtu yule alikuwa anakiheshimu bila masharti, na kesho alikuwa anakwenda kumwambia. Alijua angeweza kuirudisha ile nyingine kabatini na kumwacha ajigonge tumbo mwaka mmoja zaidi. Akaigusa pini mfukoni, akaiacha ile nyingine dukani.

Jumamosi asubuhi Bwana Mizani aliamka anaimbaimba. Kabla ya chai, kama ilivyo desturi yake, akafungua kabati, akaitoa suruali, akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto, akavuta. Suruali ikafika katikati ya mapaja ikakataa. Akavuta tena. Akaruka kidogo, kwa mtu wa umri wake lilikuwa jambo la ujasiri.

"Umeifua kwa maji ya moto," akasema.

"Hapana."

"Basi imenywea."

"Haijanywea. Hii ndiyo suruali yako, mume wangu. Unayoivaa kila mwaka ndiyo siyo."

Akamweleza. Aliyasema akiwa amesimama, mikono imeshika ncha mbili za futi shingoni, akianzia mshono wa mwaka wa nne. Bwana Mizani aliketi kitandani, suruali imemfunga mapaja, akasikiliza kama anavyosikiliza maelezo ya dereva.

"Mfuko wenye wino?"

"Niliuhamisha. Jana nimeurudisha."

"Na mkanda? Ngozi kunywea kwa jasho?"

"Nilitunga. Ni msumari wa moto."

 Huko nje mtu alikuwa anafagia.

"Mimi nilimrudisha mdogo wangu kwa magunia mawili," akasema mwishowe. "Wewe umenipitisha langoni miaka ishirini na nne."

"Nilitaka ufurahi. Sasa naogopa. Ulikuwa na pini mguuni na ukawa unacheka na gazeti. Nikiendelea kukufurahisha nitakuzika, na suruali itakuwa inakutosha."

 Bwana Mizani alijivua ile suruali kwa shida, mguu baada ya mguu, akaikunja sawasawa, akavaa ya kazini, akatoka. Hakunywa chai. Suruali ya kijivu alikwenda nayo kwapani.

Mama Futi alifungua duka kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alishona mkono wa blauzi kichwa chini, akaufumua, akaushona tena kichwa chini. Ilipofika saa nne alisadiki kwamba amekwenda kwa mdogo wake kulalamika, watu wawili waliodhulumiwa na vipimo. Ilipofika saa tano alikuwa ameshajitayarisha kwa miezi minane ya ukimya, akaanza kuhesabu itaishia mwezi gani. Alilia kidogo pia, akainamia cherehani ili wapita njia wadhani anatafuta uzi.

Saa sita kasoro Bwana Mizani aliingia. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaweka suruali kando, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti ya kibandani.

"Kiuno, arobaini na tatu. Presha, mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita. Sukari, tisa nukta moja, na sijala kitu." Akaikunja. "Wanasema imepanda. Nirudi Jumatano wapime tena ndipo wakate kauli. Yule muuguzi alichukua kijiti chenye uzi mgumu, akaniambia nifumbe macho, niseme kila anaponigusa mguuni. Nikasema. Kuna mahali nilimwambia hajanigusa bado." Akatazama kiatu chake. "Alikuwa ameshanigusa mara tatu."

Mama Futi akaja kuketi pembeni yake. Akamshika mkono, na mkono ule ukakaa.

"Amesema nimewahi," Bwana Mizani akaendelea. "Kuna watu wanakuja mguu umeshaoza. Amesema nitembee baada ya kula. Nikamwambia nimekuwa nikibeba magauni miezi mitatu, akasema endelea kuyabeba." Kisha, bila kumtazama, "Nilimuuliza na mke wangu alipimwa lini. Akacheka. Anasema miaka yote anakuja hapa, hajawahi kukuona na nguo yenye kiuno."

Ilikuwa kweli. Mama Futi alijishonea magauni mapana yanayoanguka kutoka mabegani, na yale yaliyokuwa na kiuno aliyatia lastiki. Katika madaftari saba hakukuwa na ukurasa wake.

"Simama," Bwana Mizani akasema.

"Kuna mteja anakuja."

"Yuko wapi?"

Alinyoosha mkono akaivua futi shingoni mwake. Katika miaka ishirini na nane hakuwahi kuishika, na aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ampakate. Akamzungushia kiunoni juu ya gauni, akaambiwa akaze kidogo, akailegeza badala yake, akakosa, akaanza upya.

"Usibane pumzi," akasema. "Na mimi nimekatazwa."

Mama Futi akaachia pumzi. Bwana Mizani aliinama akaisoma namba. Akaisoma tena, macho ameyakaza kama anavyofanya jua likipiga kioo cha kibanda chake. 

"Thelathini na nane," akasema. "Umekaa vizuri."

Mama Futi aliinamisha macho akaitazama ncha ya futi iliyokuwa inaning'inia kwenye paja lake. Thelathini na nane ingebakisha inchi ishirini na mbili. Hizi zilikuwa kumi na tisa. Mtu yule, ambaye hakumsamehe mdogo wake hata gunia, alikuwa amesimama pale na masikio yamemwiva kwa uongo wake wa kwanza, na uongo wenyewe ulikuwa wa inchi tatu. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyoingia akiwa mwembamba kama uzi, na akajua kwamba akiipokea zawadi hiyo ataipokea hadi pini imwingie yeye.

Akafungua daftari la saba, ukurasa mpya. Safari hii hakumpa mtu mgongo. Aliliweka daftari juu ya meza kati yao wawili, akaandika arobaini na moja, akamsogezea aone.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi," Bwana Mizani akasema. "Usile kitu."